Saa ya Hapa na Saa ya Huko

Riziki mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi umekunywa vikombe viwili vya chai ukiwa umesimama, umegombana na zipu ya begi mpaka ukaitukana, kisha umeondoka na rafiki yako Sauda kwenda soko la Mwanga kununua viatu vya mvua ambavyo ungeweza kuvinunua wiki iliyopita. Hali yangu ni hii: nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa, nimekunja nguo zako ulizokuwa umeshazikunja, na mara tatu nimekaa kuandika nikasimama tena. Sasa nimekaa mezani mbele ya hicho kioo chako cha ramani na saa, na nimejiambia sitasimama mpaka nimalize. Tuone.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za chandarua, wala za kutokopesha watu usiowajua. Hayo nimekupigia kelele miaka ishirini na ushee. Kama hayajaingia kwa masikio, hayataingia kwa karatasi. Nina jambo moja tu, na linanihusu mimi. Linamhusu pia Mzee Byaombe, huyo unayekwenda kufikia kwake. Kesho atakuwa amesimama mwaloni kwao Baraka, ng'ambo ya ziwa, pale mashua zinapotia nanga, anakusubiri, na kabla hujampa shikamoo yake nataka ujue mimi mama yako nilimfanyia nini.

Basi, nimeliandika.

Nianze na hiki kioo, maana ndicho kilichonifikisha hapa. Wiki nzima nyumba yetu ya Katubuka imekuwa karakana. Nyaya juu ya meza ya kulia, bisibisi kwenye bakuli la chumvi, na yule fundi wa kuchomelea wa Rusimbi kaja mara mbili kwa ajili ya mlingoti wa antena, na mara zote mbili kala hapa. Ulinifuata jikoni ukaniambia, "Mama, njoo ujifunze, mimi sitakuwepo."

Nikakujibu, "Mimi nimeshika simu ya upepo kabla hujazaliwa."

"Ndiyo maana nakuita. Ile yenu haikuwa na waifai."

Nikaja, na sufuria mkononi ili ujue sijaja moja kwa moja. Ukanionyesha. Kidude kinachoendesha hicho kioo kikiwaka mara ya kwanza hakijui kipo kwa nani, kwa hiyo kinatoa waifai yake chenyewe. Unakikamata kwa simu, ukurasa unafunguka, unakiandikia jina la waifai ya nyumbani na nenosiri lake, kisha alama yako ya mwito, ile unayojulikana nayo hewani, kisha mahali ulipo duniani kwa namba mbili, ya kusini na ya mashariki. Kilikataa mara ya kwanza, kikakataa mara ya pili, ukakitolea Kiingereza cha chuoni na Kiha cha mama Sauda kwa pamoja, mpaka ukagundua ulikuwa umeacha nafasi moja tupu baada ya jina la waifai. Nafasi isiyoonekana kabisa! Ulipoifuta, ramani ya dunia nzima ikawaka ukutani kwangu, nusu mchana nusu usiku, na mstari wa giza unatembea polepole kutoka mashariki.

Nilitaka kukudharau lakini nilishindwa. Sisi tulikuwa tunajua hewa imefunguka kwa kusikiliza tu, unazungusha kitufe, unasikia kelele imebadilika, unaita. Hiki chako kinaenda mtandaoni kuuliza jua limeamkaje, kinarudi na kukuambia masafa ya mita arobaini leo ni mazuri, ya mita kumi usijisumbue. Niliona kama mtu ameingia jikoni kwangu akaonja mboga kabla yangu. Lakini kilikuwa sahihi, maana jioni ile uliwapata watu wa Afrika Kusini, hao watu wenu wanaozungumza kwa redio kwa mapenzi tu bila mshahara, na mkasalimiana kama majirani.

Kisha ukaweka zile saa mbili juu ya ramani. Moja ukaiandika HAPA, ya pili ukaiandika HUKO. Kwenye HAPA ukaweka nyumba yetu. Kwenye HUKO ukaweka nyumba ya Mzee Byaombe, ukasema, "Nikifika utaangalia hii ya pili, utajua mimi ni saa ngapi." Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Saa zote mbili zilisoma saa tisa na dakika kumi.

Riziki, Baraka si saa moja na sisi. Wao wako nyuma kwa saa nzima. Uliiweka nukta ng'ambo ya ziwa, ukasahau kubadilisha majira. Niliona palepale, na sikusema. Nilirudi jikoni na sufuria yangu, na siku nne nimepita mbele ya hicho kioo nikikiona kinadanganya, nikanyamaza. Nilijua nikifungua mdomo kwa hiyo saa moja, mengine yote yatatoka.

Ile miaka ya wakimbizi unaijua kwa kusimuliwa. Wale Warundi waliokuja ukiwa chuoni uliwaona kwa macho, lakini kabla yao Wakongo walivuka kwa wingi kiasi kwamba pale bandarini Kibirizi ulikuwa huwezi kuweka mguu bila kukanyaga godoro la mtu. Kulikuwa na shirika moja dogo lililokuja kuwavusha na kuwaandikisha, limeshafungwa zamani, na mimi nikaajiriwa kukaa kwenye simu ya upepo. Sikuwa na elimu kubwa. Walitujaribu wasichana watano, wakanichukua mimi kwa sababu sauti yangu haimezwi na kelele. Bibi yako mzaa baba alikuwa ameshasema hivyo kwa namna yake siku ya harusi, kwamba mwanawe ameoa mdomo.

Bibi Mwamini huyo alikuwa bado ng'ambo. Baba yako alivuka ujanani mwake kufanya biashara, akanioa Ujiji, akabaki. Mama yake alivuka kuja harusini tu, akarudi kwao, akakataa kuhama.

Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja, meza, redio, betri mbili za gari na dirisha linalotazama maji. Ng'ambo, juu ya kilima kusini ya Baraka, kulikuwa na zahanati yenye redio kama yetu, na muuguzi aliyeishika ndiye Byaombe. Sijawahi kumwona mpaka leo. Namjua kwa sauti tu, sauti nyembamba inayocheka kabla ya kumaliza sentensi. Kila siku tulizungumza: majina ya watoto waliopotezana na wazazi, dawa, nani kavuka, nani bado.

Sasa nikueleze habari ya saa, kwa sababu ndiyo yote. Kwenye daftari la redio, muda wa kila mazungumzo tuliuandika kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Kwetu Kigoma tunafuata saa ya Dar es Salaam ingawa jua letu linachelewa kuzama, na wao ng'ambo, wenye jua lilelile letu, wana saa yao. Saa za namna tatu kwa ziwa moja. Maopereta wengine walichanganyikiwa, mimi sikuchanganyikiwa hata siku moja, na nilijivunia sana. Nikawa na desturi yangu: kila saa niliyomtajia Byaombe nilikuwa nimeshaigeuza kuwa ya kwao, ili yeye asihangaike. Hakuna aliyeniagiza. Nilipenda tu kuonekana mjuzi. Na yeye akazoea, akawa haulizi tena.

Siku moja vita vilisogea karibu na kile kilima. Shirika likakodi mashua ya nahodha Haruna wa Kibirizi iende kuchukua watu arobaini waliokuwa kwa Byaombe, na bibi yako, aliyekuwa ameapa hahami, alikuwa miongoni mwao. Haruna alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi, akaniambia, "Mama, mimi saa kumi na moja jioni niko pale mwaloni. Nangoja nusu saa, basi. Sikai pale giza linikute na hao wapiga risasi."

Nikabonyeza mikrofoni. Nikasema mashua itafika saa kumi na moja jioni, itangoja nusu saa tu, ova.

Byaombe akajibu, "Nakupata muzuri, dada. Saa kumi na moja. Watu niko nao nyuma ya kilima, tutashuka saa ileile, kukaa ufukweni mapema ni hatari. Mama mukwe wako iko hapa, anakusalimia sana. Ova."

Hapo ndipo akili yangu ilipotoka kwenye saa ikaenda kwa mama mkwe. Nakuambia ukweli wote, sikuwa na raha na ujio wake. Nilianza kufikiria atalala wapi, atasema nini juu ya mapazia, atanitazamaje tumbo, maana ulikuwa tumboni miezi mitano. Nikasema msalimie, nikafunga mazungumzo haraka. Sikugeuza saa. Nilimpa saa kumi na moja ya Haruna kama ilivyo, na yeye akaipokea kama saa kumi na moja ya kwao, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kwamba saa ikitoka kwangu haihitaji kuulizwa.

Utasema, Mama, ulifanya makusudi? Nimejiuliza hivyo mara nyingi kuliko utakavyoniuliza wewe. Hapana, Riziki. Wallahi hapana. Ila sikuwa nimesimama kazini siku ile kwa moyo wote, na sababu ilikuwa yeye.

Haruna alifika saa kumi na moja ya kwetu, wakati kwao ni saa kumi. Ufuko ulikuwa mtupu. Alingoja nusu saa yake, akasikia milio, akaondoka. Mimi kwa wakati huo nilikuwa nimezima redio, kwanza kuokoa betri, pili miguu ilikuwa imevimba, na nilijua moyoni kwamba sasa hivi wanapanda. Nikaenda nyumbani nikapika samaki wa migebuka na ugali wa muhogo wa kumpokea mgeni, na nikautandika ule mkeka mzuri.

Watu walishuka kilima saa kumi na moja ya kwao. Hapakuwa na mashua. Byaombe akapanda tena kilima mbio mpaka kwenye redio akaniita. Haya aliniambia mwenyewe kesho yake asubuhi nilipowasha.

"Dada, nilikuita sana jana. Nilikuita mpaka betri ikaanza kulia. Mashua haikukuja."

Nikasema, "Mashua ilikuja."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja."

"Saa kumi na moja tulikuwa pale, dada." Akauliza taratibu kabisa, wala hakuwa na hasira, "Saa ya nani?"

Alikuwa anasikika safi kama yuko chumbani na mimi. Nikasema, "Baraka, sikupati vizuri. Sikupati." Akarudia. Nikasema tena sikupati. Nikageuza kitufe nikahama masafa.

Nimeacha kuandika kidogo. Umeme umekatika na kioo kimezimika, na mimi nimetoka nje, nimemwagilia ile michaichai, nimerudi. Najua nilisema sitasimama.

Wale watu walitembea kufuata ufuko kuelekea kusini. Waliofika kwetu baadaye kwa mitumbwi ndio waliotuletea habari kwamba siku ya nne bibi yako alikaa kando ya njia, akasema apumzike kidogo, na hakuinuka tena. Byaombe ndiye aliyechimba na ndiye aliyesoma dua, pamoja na kwamba yeye ni mtu wa kanisa, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyejua jina la baba wa bibi yako. Kaburi analijua yeye. Hakuna mtu wa ukoo wetu aliyewahi kumuuliza liko wapi.

Kwa nini hakuna aliyemuuliza? Kwa sababu yangu. Asubuhi ileile ya kuitwa na Byaombe, mkuu wa kituo chetu alituma neno kwamba atapita mchana kuliona daftari. Nikalifungua. Mwandiko wangu mzuri ulikuwa pale, "mashua kufika saa 11 jioni", basi, bila neno lingine. Nikachukua kalamu ileile ya bluu, na pembeni, pale palipobaki nafasi ndogo, nikabana maneno mawili: "saa Kigoma". Wino ulikauka kabla hajafika. Akasoma, akatikisa kichwa, akasema huyo muuguzi hakusikiliza. Mimi sikusema ndiyo, sikusema siyo. Byaombe aliporudi kilimani akanyang'anywa redio ikapewa mtu mwingine, na posho yake ikakatwa. Kwa muda mrefu kule kwao watu walimwita yule aliyewacheleweshea mashua.

Na baba yako, Mungu amrehemu, aliamini hivyohivyo. Unakumbuka dua zake za Idd, alivyokuwa akimwombea mama yake kwa kirefu mpaka wewe unaanza kuchezea pindo la kanga yangu? Mwisho alikuwa akisema, "Na yule aliyechelewa, Mungu anamjua." Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni pake, nikaitikia Amina. Kila Idd, mwaka kwa mwaka. Siku aliyokufa nilikuwa nimemshika mkono na bado sikumwambia. Hilo haliponi, mwanangu, na sitaki unifariji.

Ulipozaliwa alitaka uitwe Mwamini. Nikakataa, nikasema ni jina la kizee, watoto wenzio watakucheka. Tukagombana juma zima. Sikuweza kumwambia kwamba nisingeweza kuliita jina hilo asubuhi na jioni, njoo ule, nenda kaoge. Ndiyo ukaitwa Riziki. Na lile kofi nililokupiga ukiwa na miaka minane, ulipokuta redio yangu ya zamani sandukuni ukajifunga vile visikilizio masikioni, kofi ambalo mpaka leo unalitania mbele ya wageni, halikuwa la redio. Ulikuwa umekalia daftari.

Ndiyo, ninalo. Shirika lilipofunga, makaratasi yote yalichomwa nyuma ya ofisi, na mimi nikalichomoa lile moja nikalificha chini ya vitenge. Usiniulize nililitunzia nini. Mwenye kosa angelichoma la kwanza.

Sasa unaona kwa nini sikuwa naingia chumbani siku zako za Jumamosi. Ulipopata leseni ya redio ukaanza kuita, na wiki ya tatu tu akakujibu mzee wa ng'ambo mwenye sauti nyembamba, ukapiga makofi kwa furaha, mimi nilikuwa nakaanga dagaa, mafuta yakaniunguza mkono. Nilimtambua kabla hajataja jina. Ukaniita nije nisalimie, nikasema kelele za redio zinaniumiza kichwa. Ulivyosema Mzee anafundisha vizuri, Mzee ana subira, Mzee kasema kuna kazi ya redio huku Baraka kwa hawa wanaorudi na wanaokimbia tena, omba, nilikuwa nageuka ukutani. Mwezi uliopita ukaja umesimama mlangoni, umenikunjia uso.

"Mama, Mzee Byaombe anakusalimia. Anasema mlifanya kazi pamoja. Mbona hukuniambia?"

"Ni zamani."

"Kasema nikuambie bado anaikumbuka sauti yako."

Nikasema haya, asante, na nikakutuma dukani chumvi tuliyokuwa nayo. Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Amejua wewe ni binti wa nani tangu mwanzo, Riziki, na amekufundisha miezi yote hiyo bila kukuambia neno baya juu yangu. Laiti angenitukana.

Umeme umerudi. Kioo kimewaka kikaandika hakioni waifai. Nikasubiri, kikaandika tena. Ruta yako ilikuwa imewaka taa zote, kwa hiyo ugomvi ulikuwa wa kidude. Nikafanya ulivyonifundisha, nikakikamata kwa simu, nikafungua ule ukurasa, nikaandika jina, nikahakikisha hakuna nafasi tupu mwishoni, nikaandika nenosiri herufi moja moja nikilitamka kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Kikakubali! Nikapiga kelele peke yangu ndani ya nyumba, kuku wakakimbia.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika humo ndani, nikashuka mpaka penye HUKO. Nimebadilisha majira. Nimepunguza saa moja, nikahifadhi, nikarudi kukaa. Sasa hivi HAPA ni saa kumi na mbili kasoro, HUKO ni saa kumi na moja kasoro. Wewe kukosea kuiweka siyo neno, ungeona mwenyewe ndani ya siku mbili ukacheka. Ila ukiwa kazini huko watu watakuuliza mashua inakuja saa ngapi, na utachoka, na utakuwa na mtu moyoni, mchumba au hasira au mama mkwe. Mwulize mwenzako arudie, na umtajie ni saa ya wapi, hata kama atakuona mshamba. Na siku utakayokosea, maana itafika, akikuuliza "saa ya nani" umjibu. Ningemjibu Byaombe asubuhi ile, bibi yako angevuka, maana alikuwa bado hai na alikuwa amebakiza siku tatu. Haruna alikuwa tayari kurudi. Nilijua yuko tayari. Alikuwa amekaa nje ya ofisi yangu anakunywa kahawa.

Hilo sijawahi kulitamka hata peke yangu.

Nilipoanza kuandika nilipanga kukuficha hii barua ndani ya begi, chini ya sweta, ili uisome katikati ya ziwa ambako huwezi kugeuka ukanitazama. Nimebadili mawazo wakati nabadilisha ile saa. Nitakupa mkononi leo, ukiingia tu, kabla hatujala. Usome hapa mezani na mimi nimekaa hapahapa. Ukitaka kunifokea, unifokee. Ukitaka kulala kwa akina Sauda, nenda, kesho nitakukuta Kibirizi na begi lako. Ukiamua kutokwenda kwa sababu yangu, hapo ndipo nitakapokataa, kwa sababu yule mzee amekusubiri na mimi siwezi kuwa sababu ya yeye kusimama mwaloni mara ya pili bila mtu.

Pamoja na barua kuna ile karatasi ya daftari. Nimeichana kwa wembe ili isiharibike. Yale maneno mawili ya pembeni nimeyapigia mstari, na chini yake nimeandika kwamba niliyaongeza kesho yake mimi mwenyewe, nikatia sahihi kwa jina langu lote. Mpe mkononi mwake. Afanye nayo atakavyo, awasomee watu wa kanisani kwake au aitie kwenye jiko. Kisha mwombe, kwa adabu, akuonyeshe alipolala bibi yako. Ukifika hapo mwite kwa jina lake, Mwamini, umwambie wewe ni nani, na umsomee Fatiha kwa niaba ya baba yako. Mimi usinitaje mpaka nije mwenyewe.

Geti limelia. Nasikia unacheka na Sauda, na viatu vya mvua umevivaa kabisa, nasikia vinavyoburuzika. Nimalizie.

Usimbembeleze Mzee anisemeshe. Mwambie tu kwamba akipenda, kesho nitakuwepo kwenye masafa yenu ya Jumamosi saa moja jioni. Saa moja ya huko, Riziki. Kwetu itakuwa saa mbili. Ila mimi nitawasha redio saa moja ya hapa, na hiyo saa nzima ya katikati nitaikaa palepale bila kuzima, mpaka nisikie mmoja wenu ananiita.

Mama yako